Mwenzenu nimehama bima na sukari yangu, na sikuulizwa kitu

Hii sifa ni ya HICAP, huduma ya bure ya kuwashauri watu wa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hapa California. Kampuni niliyoihama siitaji, na yule wakala pia nimemsamehe. Kidogo.

Nina miaka 72. Sukari ninayo tangu 2009, presha ikafuata, na 2021 nikawekewa stenti, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, kwenye mshipa wa moyo. Bima yangu ya nyongeza, ile inayolipa asilimia 20 inayoachwa na Medicare kwa daktari, ilikuwa mpango F; mipango hii huitwa kwa herufi. Mwaka 2025 ikapanda hadi dola 312 kwa mwezi. Nikampigia wakala. "Kwa hali yako hakuna kampuni itakayokupokea," akasema, na hapo hapo akaanza kunisifia Advantage, mpango wa kampuni binafsi unaoshika nafasi ya Medicare ya kawaida na wenye madaktari wake, eti karibu bure. Nikauliza kama daktari wangu wa moyo yumo. Hayumo. Nimelea wazee wa watu miaka kumi na minane humu Sacramento; cha bure kikiletwa mbiombio huwa nakaa kwanza.

Tena hakunidanganya moja kwa moja. Majimbo mengi yanakupa miezi sita tu, tangu uwe umetimiza 65 na umeingia Sehemu B, ile ya Medicare inayolipa madaktari. Ikishapita, kampuni inaweza kukuuliza maradhi yako na kukukataa. Mdogo wangu yuko Houston, Texas, naye ana stenti. Alijaza fomu ili ahame, akarudishiwa barua ya mistari mitatu. "Dada, hata pole hawakuandika."

HICAP nilipewa mzee wa kujitolea, mwalimu mstaafu. Swali lake la kwanza: umezaliwa tarehe ngapi? Nikadhani anajaza kompyuta yake. Kumbe ndipo penyewe. California, kuanzia siku yako ya kuzaliwa una siku 60, kila mwaka, za kuhamia mpango wenye manufaa sawa na ulio nao au pungufu, na kampuni hairuhusiwi kukukataa kwa sababu ya ugonjwa. Mimi ni wa tarehe 9 Aprili. Miaka yote hiyo nakula keki, sijui!

Akanieleza pia kwa nini F inapanda. Waliotimiza 65 kuanzia 2020 hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo sisi tuliomo tunazeeka pamoja kwenye chungu kimoja na hakuna anayeongeza maji. Mpango G ni ile ile F, ila gharama za mwanzo wa mwaka za Sehemu B, ambazo 2025 zilikuwa dola 257, unalipa mwenyewe. Na G ya kampuni hii ni sawasawa na G ya kampuni ile kwa manufaa, sheria ndiyo inavyotaka. Kinachotofautiana ni bei. Niliyoiona ni dola 238. Akapiga hesabu nyuma ya bahasha: 312 toa 238 ni 74, mara miezi 12 ni 888, toa 257, zinabaki 631. Hainifikishi Tanga, lakini si haba.

Ukienda, usitegemee wakuchagulie kampuni. Hawauzi bima, wanakupa orodha na bei, uamuzi wako. Hilo mimi lilinipendeza, mwingine litamuudhi.

Pa kuangalia ni fomu. Kampuni mpya ilinitumia yenye ukurasa mzima wa maswali ya maradhi, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nikampigia mwalimu. "Huo ukurasa uache mtupu, mama. Andika kwamba unaomba kwa kanuni ya siku ya kuzaliwa, ambatisha nakala ya bima unayotoka." Nikafanya hivyo, roho inanidunda. Barua ya kukubaliwa ikaja baada ya wiki mbili, bima ikaanza tarehe 1 Juni.

Ile ya zamani sikuikata mpaka mpya iwe mkononi. Juni nikalipa zote mbili, uoga wangu mwenyewe, maana unazo siku 30 za kuionja mpya kabla hujaiacha ya kale. Dawa hazikuguswa, insulini iko Sehemu D, ile ya dawa, na hiyo msimu wake ni 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Watu wengi wanachanganya, wanangoja Oktoba kuhama bima ya nyongeza.

Nilipomsimulia mdogo wangu akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Dada, kile chumba chako cha nyuma bado kitupu?"