Kuzamia kwa mtungi katika likizo fupi: mwongozo wa kuchagua kwa mkazi wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam mwenye siku tatu au nne za mapumziko, ziwe za Idi, za Pasaka au za sikukuu iliyoangukia Ijumaa, hana uhaba wa visiwa vya kwenda kuzamia. Ana Unguja, Pemba na Mafia, na ana vile visiwa vidogo anavyoviona kila anapokaa ufukweni Kunduchi au Msasani. Anachokosa ni muda. Kwa sababu hiyo mwongozo huu haukupanga machaguo kwa uzuri wa matumbawe peke yake, bali kwa mizamo ambayo mtu ataifanya kweli kabla hajarudi kazini. Na kinachoamua idadi hiyo, kuliko bei na kuliko samaki, ni chombo atakachorudi nacho. (Neno lenyewe kwetu lina utani wake: ukimwambia jirani kwamba unakwenda kuzamia, huenda akakuuliza ni meli ipi na inakwenda nchi gani.)

Sababu ya kutanguliza safari ya kurudi ni ya kitabibu. Anayepumua hewa ya mtungi chini ya maji hukusanya naitrojeni mwilini, nayo huhitaji saa nyingi kutoka taratibu. Akipanda ndege mapema, mgandamizo wa hewa hupungua, naitrojeni hiyo inaweza kutengeneza mapovu katika damu na viungo, na huo ndio ugonjwa wa wazamiaji ambao huweza hata kumpooza mtu. Kanuni inayofuatwa ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na angalau saa 18 ikiwa umezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Walimu waangalifu husema saa 24. Ndege ndogo inayotoka Mafia ikiondoka saa nne asubuhi, basi kwa kanuni ya saa 18 ulipaswa kuwa umeshatoka majini saa kumi jioni ya siku iliyotangulia, na kwa ile ya saa 24 saa nne asubuhi ya siku hiyo. Boti ya Zanzibar haina hesabu hiyo, kwa kuwa haiondoki usawa wa bahari: unaweza kuzamia asubuhi, ukala chakula cha mchana, ukapanda boti ya alasiri.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa kaskazini ya Unguja, yaani Nungwi, Kendwa na Matemwe. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takribani saa mbili, na kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi ni kama kilomita 60 za lami. Kivutio kikuu ni miamba inayozunguka kisiwa cha Mnemba, mkabala na Matemwe, ambako kasa huonekana mara kwa mara, pono na changu hupita kwa makundi, na pomboo hujitokeza siku wanazotaka wao. Vituo vya kuzamia ni vingi, hivyo mnunuzi ana nguvu ya kulinganisha. Mizamo miwili ya siku moja mara nyingi hutangazwa kati ya dola 100 na 150, lakini tarakimu hiyo haina maana mpaka uulize imejumuisha nini: je, vifaa vimo, ada ya hifadhi ya Mnemba imo, chakula kimo, na je, kuna bei ya mkazi? Swali hilo la mwisho uliulize kwa Kiswahili na kabla ya kutaja hoteli uliyofikia.

Kasoro ya Mnemba ni msongamano. Katika miezi ya wageni wengi boti hujaa juu ya mwamba mmoja, na unaweza kutazama kasa mmoja pamoja na watu ishirini. Tena upande huo wa mashariki hupigwa na kusi, hasa Juni hadi Agosti, wakati Nungwi na Kendwa, zinazotazama magharibi, hubaki na utulivu zaidi. Mwaka mmoja nililipia Mnemba mwezi wa Julai. Asubuhi bahari ikachafuka, nikapelekwa mwamba wa karibu kwa bei ile ile, na nilipouliza tofauti ya fedha niliambiwa kwamba upepo hauna mwenyewe. Ni kweli hauna, lakini malipo yana mwenyewe. Tangu hapo huomba masharti ya kubadilishiwa eneo yaandikwe kwenye risiti kabla sijatoa shilingi.

Nafasi ya pili ni Mji Mkongwe, na najua wapenzi wa Mafia watalalamika. Miamba ya Bawe, Pange na Murogo iko karibu na mji, mingi yake si ya kina kirefu, na matumbawe yake ni mazuri kuliko mtu anavyotegemea jirani na bandari. Maji huwa na ukungu baada ya mvua, na samaki wakubwa ni wachache. Lakini mwenye siku mbili tu, akishuka botini asubuhi ya Jumamosi, anaweza kuwa majini mchana huo huo bila kupoteza muda barabarani, na jioni akala pweza Forodhani.

Nafasi ya tatu ni Mafia, kwa sharti moja: ukiwa na usiku nne au zaidi, na ikiwa ni kati ya Oktoba na Machi, ipandishe iwe ya kwanza bila kusita. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini, na utulivu wake unaonekana: huenda mkawa boti moja tu katika mwamba mzima. Mizamo mingi huanzia Utende, ndani ya ghuba ya Chole na katika mlango wa Kinasi, ambako chewa wakubwa na taa hupita na mkondo. Mkondo huo ndio mwenye ratiba. Maji ya bamvua, wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huenda kwa kasi. Maji mafu ni rahisi zaidi kwa asiye mzoefu. Kwa hiyo tazama kalenda ya mwezi kabla ya kununua tiketi. Miezi hiyo hiyo ya Oktoba hadi Machi papa potwe huonekana upande wa Kilindoni, ingawa hao hutazamwa kwa miwani na mrija, bila mtungi. Wakati wa kusi mizamo mingi hubaki ndani ya ghuba. Ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho cha taifa. Asiyetaka kupoteza siku kwa ajili ya ndege anaweza kurudi kwa njia ya maji kupitia bandari ya Nyamisati iliyo bara, lakini safari hiyo pamoja na barabara hula siku kwa namna nyingine.

Nafasi ya nne ni Dar es Salaam yenyewe. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, lakini miamba ya karibu na jiji iliumizwa sana na uvuvi wa baruti, na maji yake si angavu kama ya Unguja. Hata hivyo, kwa anayeanza, mji huu unaweza kuokoa likizo nzima. Kozi ya kwanza ina nadharia, mazoezi ya bwawani na angalau mizamo minne baharini, na ikifanywa yote kisiwani humeza siku tatu au nne. Ukimaliza nadharia na bwawa hapa, ukaomba barua ya rufaa inayothibitisha kwamba umemaliza hatua hizo, kisiwani utabakiwa na mizamo minne ambayo hukamilika kwa siku mbili. Asiyetaka kozi anaweza kununua mzamo wa kujaribu pamoja na mwalimu, usiozidi mita 12. Aliyekwisha kupata cheti lakini hajagusa maji kwa mwaka mmoja au zaidi naye alipie kipindi cha kujikumbusha hapa hapa.

Pemba naiweka mwisho, ingawa kuta zake za matumbawe zinazoshuka kwenye kina kirefu, na miamba ya Misali, huenda ndizo bora kuliko zote nilizozitaja. Ni mbali, mikondo yake ni mikali, vituo ni vichache, na njia ya haraka ya kurudi ni ndege. Inamfaa mwenye cheti cha mita 30, mizamo ya kutosha katika daftari lake na wiki nzima mkononi; na hata huyo, kabla ya kulipa, aulize kama boti ina oksijeni ya dharura na ni wapi chumba cha mgandamizo kilicho karibu, yaani kile anamotibiwa mwenye ugonjwa wa wazamiaji.