Hadidiski ya PC ya zamani imekufa, ununue nini badala yake?

Poleni na baridi wakuu. Mezani kwangu hapa Soweto, Mbeya, kuna mashine tatu zenye ugonjwa mmoja. Ya kwanza ni Pentium III ya gereji ya wili alaimenti pale Mafiati, programu yake inakubali Windows 98 tu, na mwenye gereji akitaka kompyuta mpya inabidi anunue mtambo mzima upya. Ya pili ni Pentium 4 yenye XP ya mama mmoja wa stationari Kabwe, anachapia mitihani ya shule. Ya tatu ni 486 ya mzee mstaafu kutoka Tukuyu, ana mahesabu ya shamba lake la chai kwenye DOS tangu miaka ya tisini na hataki kuyaacha, na mi namuelewa kabisa. Zote tatu hadidiski zimekufa.

Watu wengi ikifika hapo wanaenda kutafuta hadidiski ya mtumba ya IDE, yaani ya ile plagi ya zamani ya diski. Msifanye hivo ndugu zangu. Hizo diski zilizobaki sokoni zina miaka 15 hadi 20 na zaidi, zimezunguka mpaka beringi zimechoka, umeme wetu ukikatika mara mbili tatu kwa siku moja zinaanza kugonga tena kwa ndani na unarudi palepale. Hela hiyo iweke kwenye kadi au diski ya flashi, haina kitu kinachozunguka, hata mashine ikipandishwa kwenye Coaster mpaka Kyela haiumii.

Ila kabla hujatoa hata mia fungua kwanza CPU uangalie plagi ya diski. Desktopu zina pini 40, laptopu za zamani zina pini 44 ndogo ndogo zilizobanana na hizo zinapitisha umeme humohumo, ya pini 40 inataka waya wa umeme pembeni. Niliwahi kuchomeka adapta ya pini 44 kinyume, nikawasha, kadi ikaungua sekunde hiyohiyo, sababu pini za mwisho ndo zinabeba volti 5. Siku hizi naanza na kutafuta pini namba 1, upande wenye mstari mwekundu kwenye kebo, ndo nachomeka.

Kitu cha pili ni BIOS, ile programu ndogo ya mazabodi inayowasha mashine, inaweza kusoma ukubwa gani, na hapa ndo watu wanapoteza hela, wanakimbilia kadi kubwa wakati mashine haiioni. BIOS za zamani za enzi za 486 zinaishia MB 504, hesabu yake ni silinda 1024 mara hedi 16 mara sekta 63 mara baiti 512. Zilizofuata zikaishia GB 8.4, halafu zipo za kwenye 1998 na 1999 zinazokwama kwenye GB 32, na mwisho kuna ukuta wa GB 137. Juu ya hapo kuna mipaka ya mfumo wenyewe, DOS 6.22 na Windows 95 ya kwanza zinatumia FAT16, njia ya kupanga mafaili ambayo patisheni moja (kipande cha diski) haivuki GB 2, FAT32 ilikuja na Windows 95 OSR2 mwaka 1996. Kwa hiyo usiulize kadi ipi ni kubwa, uliza mashine yako inasoma mpaka wapi.

Sasa nazipanga kwa jinsi ninavyozikubali.

Namba moja ni kadi ya CompactFlash na adapta yake. Hii kadi ilitoka 1994 na waliotengeneza waliipa uwezo wa kuongea lugha ya IDE yenyewe, yaani ile adapta haina akili yoyote, ni waya tu za kuunganisha pini na pini, ndo maana bei yake haiko mbali na nauli ya kwenda Tukuyu na kurudi. Mashine inaiona kama hadidiski ya kawaida, hamna draiva. Kwa mashine ya mzee nimechukua kadi ya MB 512, inaingia chini ya ule ukuta wa 504 vizuri kabisa kwa sababu watengenezaji wa kadi wanahesabu kwa elfu, ukuta unahesabu kwa 1024, na ya gereji nimeweka GB 4, Windows 98 na programu yao vinakaa na nafasi inabaki kibao. Adapta usichukue ya kwanza utakayoiona, zipo ambazo hawakuunganisha waya za DMA, njia ya kubeba data bila kumsumbua prosesa, mashine inabaki kwenye PIO, njia ya zamani, na prosesa ndo inafanya kazi ya kubeba kila kitu, kwa 486 hiyo si ishu ila kwenye Pentium III utaona inavuta. Muombe muuzaji picha ya karibu, na hakikisha ina jampa ya kuchagua masta au slevu, yaani diski ya kwanza au ya pili kwenye kebo moja.

Shida ya CompactFlash ni kuipata. Mwanjelwa utazunguka maduka ya simu mpaka uchoke, wanakupa memori kadi ndogo za simu. Siri yangu ni wapiga picha za harusi. Kamera kama Canon 5D Mark II, 7D na 50D zinatumia kadi hizi, na wengi wameshahamia kamera za kadi za SD, zile za zamani ziko kwenye droo. Nenda studio waombe kwa upole, nimepata kadi orijino hivo, tena za kampuni zenye jina, kwa bei ya kuelewana. Hizo zimeshatumika, ni kweli, ila kwa kazi ya DOS na 98 nazipenda kuliko kadi mpya ya mtandaoni ambayo hujui imetokea wapi.

Onyo moja, XP. Kadi nyingi za kamera zinajitambulisha kama kitu cha kuchomoa na kuchomeka, sio diski ya kudumu, na XP ikiona hivo inaanza usumbufu, inagoma kukupa patisheni zaidi ya moja na faili lake la akiba ya memori linaleta shida. Kadi za viwandani zinajitambulisha kama diski ya kudumu, ila bei yake imesimama.

Ndo maana kwa yule mama wa Kabwe nimeenda namba mbili, SSD ndogo ya mSATA na adapta ya kwenda IDE, na niseme wazi kwamba kwa mashine ya Pentium 4 yenye XP hii inakuwa namba moja. Adapta hapa ina chipu ya kutafsiri SATA, plagi ya diski iliyokuja baada ya IDE, kuwa IDE, inayopatikana sana ni JM20330, na SSD ya GB 32 au 64 inatosha na kubaki. Mama alikuwa anawasha kompyuta anaenda kuchemsha chai, sasa inawaka kabla hajakaa. Kebo iwe ile ya waya 80, ile ya zamani ya waya 40 inakubana kwenye MB 33 kwa sekunde hata kama mazabodi inaweza zaidi. Pia XP inaanzisha patisheni kwenye sekta ya 63 na SSD haipendi hivo, tengeneza patisheni kwanza kwa GParted kwenye Linux ianzie MB 1, ndo uje upige Windows juu yake. XP haina TRIM, amri ya kuiambia SSD nafasi ipi imeachwa wazi, kwa hiyo usiijaze SSD, acha robo hivi wazi.

Namba tatu ni DOM, kijidude cha flashi kinachochomekwa moja kwa moja kwenye pini za mazabodi bila kebo. Ni kizuri, kinajitambulisha kama diski ya kudumu, kipo kwenye zile kompyuta ndogo za maofisini za HP na Wyse zinazokuja za mtumba. Ukikutana nacho chukua, ila mara nyingi uwezo ni mdogo na hutakipata kwa kukitafuta.

Namba nne ni adapta ya kadi ya SD kwenda IDE. Najua wengi mtaanzia hapa sababu memori kadi zimejaa kila kona, na sikatai, kama mfuko umebana hii inafanya kazi. Ila hapa katikati kuna chipu, nyingi ni FC1307A, na ikikutana na mazabodi nyingine inachagua, leo inawaka kesho haionekani, ukiiweka slevu kwenye kebo moja na CD ndo kabisa. Ipe kebo yake peke yake iwe masta. Chukua kadi ya SD kamili, ile ndogo ya simu ndani ya kifuko chake inaongeza sehemu ya kulegea bure.

Flashi ya USB naiweka mwisho. PC za miaka ya tisini haziwezi kuwaka kutoka USB, na zenye USB 1.1 zinasoma kama MB 1 kwa sekunde, utakaa unaangalia kioo mpaka ulale. Itumie kubebea mafaili tu. Wenye Macintosh za zamani za SCSI, plagi nyingine ya diski, hii orodha haiwahusu, nyie tafuteni adapta ya BlueSCSI.

Kuhusu feki, hapa naomba mnisikilize vizuri. Kadi za SD ndo zimechakachuliwa kuliko zote, inaandika GB 64 ndani ina 8, unajaza mafaili yanaingia na ukija kuyafungua hayapo. Kadi yoyote ikifika, iwe ya Mwanjelwa, iwe ya Kariakoo iliyokuja na basi, ipime kabla ya kitu kingine chochote, kwenye Windows kuna H2testw na kwenye Linux kuna F3, zinaijaza kadi yote halafu zinaisoma upya kulinganisha. Inachukua muda, iache usiku. Na mkubaliane na muuzaji mapema kwamba ikifeli unarudisha, mzigo ukishapanda basi kutoka Dar kilomita mia nane na kitu bila makubaliano basi hiyo hela sahau.

Kwenye kupiga mfumo wenyewe, patisheni tengeneza ndani ya hiyohiyo mashine ya zamani (ile ya XP kwenye SSD nimeshaeleza), kwa DOS na 98 ukiitengeneza kwenye laptopu ya kisasa kwa kadi rida mara nyingi hesabu za silinda zinatofautiana na mashine inagoma kuwaka. Ingia BIOS, iache itambue kadi yenyewe, weka LBA (kuhesabu sekta kwa namba moja moja) kama ipo. Halafu FDISK, patisheni uifanye active, yaani ndo ya kuwashia, restati, FORMAT C: /S. Ikibaki nyeusi na kadi ilitoka kwenye kamera, piga FDISK /MBR, kadi za kamera hazina ule msimbo wa kuwashia. Kwa Windows 98 kopi folda lote la WIN98 kutoka kwenye CD liingie kwenye kadi halafu anzisha setapu kutoka hapo, inaenda chapchap na siku ukiongeza draiva haitakuuliza CD tena. Kama huna DOS, FreeDOS 1.3 ya 2022 ni ya bure na halali na programu nyingi za zamani zinakubali. Badilisha na betri ya kwenye mazabodi, nyingi ni CR2032, ikiisha BIOS inasahau kadi na mteja atakupigia akisema kadi imekufa wakati ni nzima.

Jambo la mwisho ambalo silipigi chenga kwa mteja yeyote ni kopi. Kadi ikishakaa sawa naitoa, naiweka kwenye kadi rida ya laptopu yenye Linux, naisoma yote kwa dd, amri ya Linux ya kukopi diski nzima, kuwa faili moja, na kama kuna kadi ya pili ya aina ileile na ukubwa uleule naimwagia humo. Ya mzee nilifanya hivo. Mahesabu yake niliyaokoa kwenye diski ya zamani kabla haijazima moja kwa moja, na kadi ya pili nimeiweka kwenye bahasha nimeibandika kwa ndani ya CPU, nikamuonesha kijana wake jinsi ya kuzima umeme kwanza, kutoa ile na kuchomeka hii. Mzee akaifungua file ya 1996, akasoma kilo za majani ya mwaka huo, akanishika mkono akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.