Nyota moja, tena ya chakula cha kuku

Duka lenyewe silitaji. Ni agroveti ya hapa Nakuru mjini, na wateja wake watalijua kwa yule mhudumu anayekujibu bila kuinua macho.

Nilienda mvua zilipoanza, kutafuta SA, ile mbolea ya salfeti ya amonia inayoongeza uchachu, ya miche yangu kumi na miwili ya bluberi, ninayoikuza kwenye ndoo huku Bahati. Nilimkuta akitafuna hindi la kuchoma. Nikamweleza kwamba bluberi hutaka udongo mchachu, pH 4.5 hadi 5.5, ndiyo maana nataka SA. Akacheka. "Mama, si hizo ni zambarau tu? Mbolea ni mbolea." Akanyoosha gunzi kuelekea gunia la CAN, mbolea nyingine kabisa, akanipimia kilo mbili kwenye mfuko wa kaki. Nyuma yangu foleni ilikuwa inaguna. Niliona haya, nikalipa.

CAN jamani! Nusu ya nitrojeni yake ni ya aina ya naitreti, ambayo bluberi haiifurahii, na ndani mna chokaa, inayopunguza uchachu. Ni kama kumkaribisha mgonjwa wa kisukari kwa chai ya vijiko vitano.

Wiki kadhaa baadaye kingo za majani zilikuwa kahawia, zinavunjika ukizigusa kama chapati iliyoungua. Majani machanga yakawa manjano, vishipa tu vikabaki kijani: mmea umeshindwa kufyonza chuma. Minne ikafa.

Nikarudi na tawi mkononi. "Unamwagilia maji ya kisima?" Ndiyo. "Basi ni maji." Akarudi kwa simu yake. Nusura nimchape nalo.

Kinachoniuma ni kwamba hakukosea kabisa. Nilipopima maji ya kisima, pH ilipita 8, yaani kinyume cha uchachu. Halafu, niseme ukweli, yeye alisema kisoda kimoja kwa kila ndoo. Mimi kwa pupa yangu nikatia viwili. Lakini nilimwomba SA! Angesema hana, ningevuka barabara tu, maana duka la ng'ambo lilikuwa nayo.

Sasa natia SA, nusu kisoda, na maji ni ya mvua ninayokinga kwenye mapipa. Minane iliyobaki imechipua. Kwake naenda kwa ajili ya chakula cha kuku pekee, na hicho, sina budi kukiri, ni kizuri, wala hapunji mizani. Juzi akaniuliza, "Mama, zile zambarau zilizaa?"

Nikamwambia anipimie kilo kumi za vifaranga.