Uzoefu wangu: kujifunza Kiingereza cha kila siku kwa tamthilia za vichekesho

Mimi ni wakala wa forodha hapa Lubumbashi, na kazi hunipeleka mara kwa mara Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako madereva wengi wa malori ya shaba na kobalti huzungumza Kiingereza kutwa. Shuleni tulisomeshwa kwa Kifaransa. Kiingereza tulikipata kama somo la sarufi, tukakariri vitenzi vyake, lakini hatukufundishwa namna ya kumwomba mtu asogee kidogo, kumkatiza mzee kwa adabu anapozungumza, au kukataa jambo bila kumuudhi aliyeliomba. Pengo hilo ndilo nililotaka kuliziba.

Tamthilia niliyoitumia zaidi ni Friends ya Marekani, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1994 hadi 2004. Ina misimu 10 na sehemu 236, na kila sehemu huchukua takriban dakika 22, muda unaomfaa mtu aliyerudi kazini jioni na asiye na hakika kama umeme utadumu. Marafiki sita wa New York hukutana katika mkahawa uleule na sebule zilezile, kwa hiyo maneno ya nyumbani, ya chakula, ya kodi ya nyumba na ya kazi hurudi tena na tena, kila mara katika hali mpya kidogo. Sehemu nyingi zilirekodiwa mbele ya watazamaji, na kwa mwanafunzi kicheko chao kina thamani kubwa: wakicheka nami sijaelewa, najua kuna neno limenipita, hurudisha nyuma na kulitafuta.

Onyesho lililonisaidia kuliko yote limo katika msimu wa tano, pale watatu kati ya marafiki hao, Ross, Rachel na Chandler, wanapohangaika kupandisha kochi kwenye ngazi nyembamba, huku Ross akipaza sauti kila wanapofika kwenye kona, «Pivot!», yaani wageuke palepale walipo. Hakuna kamusi iliyohitajika, kwa sababu mikono yao, kuta na kochi lenyewe vilikuwa vinaeleza kila kitu. Hapo ndipo ninapoona nguvu ya vichekesho: jambo linaloonekana na neno linalosemwa hufika pamoja, na kwa kuwa limechekesha, halitoki kichwani. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta hasa maonyesho ambayo watu wanafanya kazi kwa mikono, wakipika, wakihama au wakitengeneza kitu, kuliko yale ya watu waliokaa wakisimuliana.

Ningemshauri anayeanza aweke maandishi ya chini kwa Kiingereza. Ukiweka ya Kifaransa, jicho letu lililozoea Kifaransa litasoma hayo na sikio litalala. Andika sentensi nzima iliyotamkwa, pamoja na aliyeambiwa na sababu yake, kisha itamke kwa sauti na kwa kasi ileile.

Kasoro zipo, na si ndogo. Kwanza, lugha ya marafiki hao ni ya utani wa watu wa rika moja. Maneno ya Joey, mmoja wa marafiki hao, «How you doin'?», yanafanana na salamu ya kawaida, lakini huyatumia kuwatongoza wanawake; kumwambia ofisa wa forodha hivyo ni kujivunjia heshima. Pili, Zambia ilirithi Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo mafuta ya gari ambayo Wamarekani huyaita «gas», huko utayasikia yakiitwa «petrol». Tatu, hutapata humo lugha ya ankara, ya mizani wala ya hati za mzigo. Hiyo nimeendelea kujifunza kazini, kwa kuwasikiliza madereva wenyewe.

Nilijaribu pia Mind Your Language ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1977, kuhusu wageni wanaosoma Kiingereza jioni mjini London. Watu wengi huipendekeza kwa sababu ya darasa hilo, lakini mimi siipendekezi kwa anayeanza. Kichekesho chake kinategemea wanafunzi wanaokosea matamshi na maana, na sikio ambalo bado halijakomaa hushika kosa kabla ya sahihisho. Zaidi ya hayo, kila mgeni amepewa tabia moja ya kuchekesha ya taifa lake, jambo linaloniumiza mimi ninayejifunza lugha ya watu kwa heshima.

Mr. Bean, tamthilia nyingine ya vichekesho ya Uingereza, ni suala jingine. Rowan Atkinson, anayeigiza Bean, hasemi karibu chochote humo, kwa hiyo msamiati hauji wenyewe, lakini mimi na mdogo wangu tumeifanya kuwa zoezi la kuzungumza: picha inapita, mmoja anaeleza kwa Kiingereza kila anachokifanya Bean, mwingine anasimamisha picha neno linapokosekana na wote wawili tunalitafuta. Kwa aliyekwisha kupata maneno ya msingi na anayeona haya kufungua kinywa mbele ya wageni, sijapata njia nyingine ya bei nafuu inayoizidi hii.