Zimamoto ya Vijijini Uingereza: Huduma na Ukaguzi Wake

Katika mikoa ya mashambani kama Lincolnshire, vituo vingi vya zimamoto havina askari wanaolala kituoni, bali hutegemea wakazi wenye kazi nyingine, fundi bomba au mwenye duka, ambao kifaa cha mwito kikilia huacha shughuli zao na kutarajiwa kufika kituoni ndani ya dakika chache. Utaratibu huu nausifu kwa gharama yake nafuu na kwa kuwa waokoaji wanaijua njia ya kila shamba. Hata hivyo, mchana, wengi wanapofanya kazi mbali na kijiji, gari huweza kubaki limeegeshwa kwa kukosa watu.

Tangu mwaka 2017, ofisi inayokagua polisi imepewa pia zimamoto za England, nayo hupima ufanisi wa uokoaji, matumizi ya fedha na jinsi watumishi wanavyotunzwa. Ripoti zake huchapishwa wazi, nami nazisifu kwa kutomung'unya maneno, ingawa wakaguzi hupendekeza tu bila mamlaka ya kuamuru. Mwananchi asome kwanza sehemu inayohusu upatikanaji wa magari.