Kozi ya sanaa ya likizo Arusha: kwa nini nililipia ngoma nikaacha kuimba

Kozi niliyosoma ni ya sanaa za maonyesho. Inafanyika Arusha shule zikifunga mwezi wa sita, na inapokea vijana na watu wazima. Fani ni tatu: muziki, uigizaji na ngoma. Unachagua moja iwe kuu, ya asubuhi nzima, na nyingine ndogo ya mchana. Wiki ya kwanza ikipita hakuna kubadilisha, kwa hiyo fomu ile usiijaze ukiwa kwenye daladala.

Mimi ni wa Moshi, naimba sauti ya pili kwaya ya usharika tangu sekondari, na wote wanaonifahamu walijua nitaandika muziki. Nikapiga hesabu. Moshi kuimba unafundishwa bure: mwalimu yupo, nota za do-re-mi zimejaa ubaoni, na ukienda pembeni kidogo mama wa sauti ya kwanza anakugeukia. Nilipie tena hicho hicho? Lakini ngoma ya muheme, pale mtaani Majengo nani angenifundisha? Nikaandika ngoma kuu, uigizaji ndogo.

Muheme ni ya Wagogo wa Dodoma, na wapigaji wake ni wanawake. Ngoma unaibana katikati ya mapaja, unapiga kwa viganja huku mwili unacheza. Mwanzoni mapaja yaliniuma hadi kupanda daladala ikawa shughuli. Kilichonikaa zaidi ni jiko. Arusha mwezi wa sita ni baridi na mawingu, ngozi inavuta unyevu na kulegea, ukipiga unasikia kama unagonga godoro. Basi kabla ya kipindi mwalimu anawasha mkaa, anazipanga ngoma kuzunguka jiko, kila baada ya muda anainua moja, anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anairudisha. Akiridhika ndipo tunaanza. Ukizisogeza karibu mno na moto ngozi inapasuka, na hilo yeye harudii kusema.

Tuligusa pia bugobogobo ya Wasukuma, ile ya majembe, na sindimba ya Wamakonde. Sindimba ni kiuno, ndugu zangu. Nilishukuru mwenyekiti wetu wa kwaya alikuwa Moshi.

Uigizaji ulikuwa wa kawaida. Mnapewa hali tu bila maneno, tuseme konda na abiria aliyepitishwa kituo, mengine mnayatunga palepale. Raha ipo, ila darasa lilijaa, muda mwingi unakaa kwenye benchi kungoja zamu. Kama fani ndogo inatosha. Wenzangu wa muziki waliofuata kinanda waliridhika, ila waliotaka zeze walikuwa wanapokezana, maana yalikuwa machache kuliko watu. Kabla hujachagua, uliza vyombo viko vingapi na darasa lina watu wangapi. Jina la fani kwenye fomu halikuambii hayo.

Kilichoniudhi: pesa ya vazi la onyesho la mwisho tuliambiwa katikati ya kozi. Nilipouliza ofisini nikajibiwa kwa upole kabisa, "Dada, hiyo iko nje ya ada." Upole haupunguzi bei.

Halafu mjue cheti chao ni cha kuhudhuria tu. Anayetaka sanaa iwe kazi aangalie TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, au shahada ya muziki pale chuo kikuu cha Makumira, Usa River, barabara hiyo hiyo ya Moshi kwenda Arusha. Na mnaotoka Moshi, tafuteni ndugu wa kuwapokea Arusha. Kilomita 80 kwenda, 80 kurudi, halafu ucheze muheme, hutaweza.

Nawapa nyota nne. Ya tano wataipata wakiandika bei ya vazi kwenye fomu.