Kalamu ya kusafishia konekta za faiba, nyota nne

Mafundi wenzangu, hii kalamu ya kubonyeza, ile ya milimita 2.5 ya konekta aina ya SC na FC, nimetembea nayo miezi nane sasa na naipa nyota nne kwa moyo mweupe.

Juzi tumeitwa kwa mteja, taa ya LOS (ya kuonya kwamba mwanga haufiki) inawaka nyekundu inazima inarudi, mtu kashachoka. Pawamita (kipima nguvu ya mwanga) kwenye nanomita 1490 inasoma -29 dBm, mwanga hafifu mno. Wenzangu wakasema hii ni kebo, tutoe OTDR (kifaa cha kupima kebo kwa mwanga) tutafute palipoumia, nikawaambia ngojeni kwanza, nikachomoa konekta ya kijani nikaiweka kwenye hadubini ya skrini (ya skrini jamani, msichungulie kwa jicho, mwanga wa faiba hauonekani na ukiwa mkali unaunguza), kumbe doa la mafuta ya kidole limekaa katikati kabisa juu ya kiini, pale mwanga unapopita. Kiini cha faiba ya singo modi (ya njia moja ya mwanga) ni mikromita 9 tu, kwa hiyo hata kavumbi usikokaona kanaziba njia. Nikabonyeza, tak, tak, bado kuna utando kwa mbali, nikabonyeza ya tatu, uso ukawa mweupe pe. Nikasafisha na ndani ya adapta (tundu konekta inapochomekwa), nikarudishia, nikapima: -21. Desibeli 8 hizo, yaani mwanga umeongezeka zaidi ya mara sita na kebo hatujaigusa!

Ninachokipenda zaidi ni ule uzi, kila ukibonyeza unasogea, kipande kichafu hakirudi tena, sio kama kitambaa ambacho ukikirudia unahamisha uchafu tu. Na inafika ndani ya adapta, huko ndo wengi tunasahau, unasafisha konekta vizuri halafu unaichomeka kwenye uchafu ule ule.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu uzi ukiisha haikuambii, unabonyeza weee ukidhani unasafisha, tena sio rahisi kuona ndani umebaki kiasi gani. Konekta ya LC, ile ndogo zaidi, nayo haiingii, inabidi ununue nyingine ya milimita 1.25. Uchafu ulioganda sana pia haiuwezi peke yake, anza na spiriti kidogo, kisha umalizie na kalamu ikiwa kavu.

Yangu imeanza kubonyea kilegevu, nimeshaagiza mbili, ya SC na ya LC.